Mtoto amekunywa mafuta ya taa: kwanini maziwa hayasaidii, na kwanini hospitali hawakumsafisha tumbo

Swali:

"Habari daktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi mitano. Jumamosi iliyopita alikunywa mafuta ya taa, yalikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mi nilikuwa nafua, nikasikia anakohoa sana, kwenda nikamkuta na chupa mkononi mdomo unanuka mafuta. Mama mkwe akasema apewe maziwa haraka yakate sumu, akampa, halafu akamtia kidole, akatapika maziwa yote. Tukakimbia hospitali. Kule wakampiga eksirei ya kifua wakasema pafu la kulia lina weupe kidogo, wakatulaza siku tatu. Siku zote hizo ni kumwangalia tu na oksijeni, hawakumsafisha tumbo, hawakumpa dawa ya kuua sumu wala antibayotiki. Homa ilipanda kesho yake ikashuka, jana tukaruhusiwa. Sasa anacheza ila bado ana kikohozi kidogo. Mama mkwe anasema tumepuuzwa, sumu bado iko tumboni, anataka mtoto aendelee kupewa maziwa mengi. Mume wangu yuko katikati hajui amsikilize nani. Naomba kujua, tulikosea kumpa maziwa? Sumu imebaki? Mapafu yake yataharibika? Na ikitokea tena, au akinywa kitu kingine, nifanye nini?"

Jibu:

Pole sana mama, na pole kwa mtoto. Nianze na lile ambalo najua ndo linakunyima usingizi: kwa jinsi ulivyoeleza, homa imeshuka, mtoto anacheza, kikohozi kimebaki kidogo, basi mwanao anapona na hospitali hawakuwapuuza. Kumwangalia na kumpa oksijeni ndiyo tiba yenyewe ya mafuta ya taa. Naelewa kwa mzazi inauma, mtoto kanywa sumu halafu anawekewa mpira wa oksijeni puani na watu wanapita kumtazama tu, lakini hapa kufanya mengi kungeweza kumuumiza zaidi, na nitakueleza kwanini ili ukae na mama mkwe na baba mtoto muelewane, maana naona ugomvi wa nyumbani nao umeshakuwa mkubwa kuliko kikohozi.

Sisi tukisikia neno sumu akili inakimbilia tumboni. Kwa mafuta ya taa hapo ndo tunapokosea. Yakishafika tumboni yananyonywa kidogo sana kwenda kwenye damu, yatamuunguza kidogo koo, atacheua harufu ya mafuta, anaweza kuharisha siku moja mbili, yaliyobaki yanatoka na choo. Kiasi anachomeza mtoto wa umri huo kwa funda moja ni kama kijiko kimoja cha chai, na kwa ladha ile wengi hawaongezi funda la pili. Kiasi hicho kikikaa tumboni kikatulia, mara nyingi hakimfanyi kitu kikubwa.

Hatari iko kwenye mapafu. Mafuta ya taa ni mepesi mno, hayana uzito wa kunata kama mafuta ya kupikia, yanateleza na kutandaa haraka sana kama tone la mafuta linavyotandaa juu ya maji. Kwa hiyo mtoto akimeza akapaliwa hata kidogo, sehemu ya yale mafuta inapitiliza kwenye njia ya hewa na kusambaa mpaka chini kabisa kwenye vile vifuko vidogo vya mapafu ambavyo hewa inaingilia kwenye damu. Ndani ya vifuko hivyo kuna utelezi mwembamba ambao mwili unautengeneza wenyewe, kazi yake ni kuvizuia visijifunge kila mtoto anapotoa pumzi. Mafuta ya taa yanauharibu ule utelezi, vifuko vinajikunja, pafu linavimba kwa ndani, majimaji yanavuja, hewa haipiti vizuri. Hiyo ndo nimonia ya kemikali, na ndo ule weupe uliooneshwa kwenye eksirei. Na haihitaji mengi, chini ya mililita moja ikiingia kwenye pafu inatosha kumweka mtoto kwenye hali mbaya, wakati kijiko kizima tumboni kinaweza kupita salama.

Ukishaelewa hilo utaona mwenyewe kwanini maziwa na kidole havikuwa msaada. Maziwa hayakati mafuta ya taa. Hakuna kitu ndani ya maziwa kinachoyavunja au kuyapunguza nguvu, na hakuna dawa yoyote hospitali inayoyaua. Kinachotokea ni kwamba tumbo la mtoto ni dogo, ukilijaza maziwa ghafla huku limeshachafuka, anatapika. Na kutapika kunayarudisha mafuta juu, yanapita tena jirani na njia ya hewa, safari hii yakiwa yamechanganyika na maziwa na asidi ya tumboni. Yaani unampa nafasi ya pili ya kupaliwa. Kidole ni kibaya zaidi, maana mtoto anatapika huku analia na kuvuta pumzi kwa nguvu, hapo ndo vitu vinaingia kwenye mapafu kirahisi.

Kwa hiyo umeuliza kama mlikosea, jibu la kweli ni ndiyo, maziwa na kumtapisha havikutakiwa. Lakini naomba usimchukulie mama mkwe vibaya. Kumtapisha mtu aliyekunywa sumu kulikuwa kunafundishwa rasmi, tena na madaktari. Marekani kwa miaka mingi wazazi waliambiwa wakae nyumbani na dawa maalum ya maji ya kumtapisha mtoto, mpaka mwaka 2003 ndipo chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kikatamka kwamba isitumike tena nyumbani, kwa sababu haikuonekana kuokoa watoto na kwa sumu nyingine iliwadhuru. Mama mkwe alifanya alichofundishwa na alikifanya haraka kwa upendo wa mjukuu wake. Halafu kuna jambo moja kwenye maelezo yako linalompunguzia lawama: wewe ulisikia mtoto anakohoa sana kabla ya maziwa. Kile kikohozi kinaonesha kuna mafuta yalishaingia kwenye njia ya hewa pale pale alipomeza. Eksirei haiwezi kutenganisha yaliyoingia mwanzo na yaliyoingia wakati wa kutapika, kwa hiyo hakuna mtu hapo nyumbani anayeweza kusema kwa uhakika ni nani alisababisha ule weupe. Hilo swali liacheni.

Sasa kusafisha tumbo. Kusafisha ni kupitisha mpira mdomoni au puani mpaka tumboni, kumimina maji na kuyavuta. Mtoto anakabwa, anatapika pembeni ya mpira, na tunarudi kule kule kwenye mapafu. Ule mkaa maalum wa hospitali unaotolewa kwa baadhi ya sumu nao hapa haufai, haushiki mafuta ya taa vizuri na unamtapisha. Kwa hiyo daktari aliyekataa kumsafisha mwanao alikuwa anamkinga.

Antibayotiki ndo inachanganya wazazi wengi, kwa sababu mtoto ana homa, ana kikohozi, eksirei ina nimonia, iweje asipewe? Ile homa ya siku ya kwanza na ya pili mara nyingi inaletwa na pafu lililounguzwa na kemikali, hakuna bakteria pale, na antibayotiki haina cha kuua. Daktari anaanza kufikiria bakteria kama homa inaendelea kupita saa 48 au ilishuka halafu ikarudi, au mtoto alikuwa anaendelea vizuri akageuka. Mtoto mwenye utapiamlo mkali au aliyekuwa anaumwa kifua tangu kabla anaweza kuanzishiwa mapema, hilo daktari anaamua akimwona. Mwanao homa ilipanda kesho yake ikashuka ikabaki chini, ndiyo njia yake ya kawaida. Watoto wengi wanazidiwa kidogo siku ya kwanza mpaka ya pili halafu wanaanza kupata nafuu, wengi ndani ya wiki moja wako sawa, kikohozi kinaweza kuchelewa kidogo kuisha.

Sumu imebaki tumboni? Hapana. Kwa siku zote hizi imeshatoka na choo. Maziwa kama chakula chake cha kawaida ampe tu, hata kunyonya kama bado ananyonya, hakuna shida kabisa. Ila kumlazimisha maziwa mengi kama dawa, basi, hakuna anachokitibu, atashiba maziwa akatae chakula kingine ambacho sasa hivi anakihitaji kurudisha nguvu.

Kuhusu mapafu baadaye, watoto wengi wanaopata nimonia ya aina hii wanapona na kukua kama wenzao. Kwa waliougua sana, wengine wakipimwa miaka kadhaa baadaye kwa mashine wanakutwa na mabadiliko madogo kwenye upumuaji, mara nyingi bila dalili yoyote inayowasumbua. Wachache wanatokewa na vifuko vya hewa kwenye pafu wiki chache baada ya tukio, na vyenyewe kwa kawaida vinaisha bila upasuaji. Moshi ndo adui wake kwa sasa. Mtu asivute sigara ndani ya nyumba anayolala, na pale moshi wa jiko ulipo asikae.

Cha kufanya nyumbani siku hizi ni kumhesabia pumzi. Subiri amelala au ametulia kabisa, usihesabu akiwa analia au katoka kukimbia, mfunue kifua, angalia saa, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anapumua haraka kupita kawaida (chini ya mwaka mmoja, kuanzia miezi miwili, kikomo ni 50). Angalia pia chini ya mbavu, kama nyama inazama ndani kila anapovuta hewa, au pua zinatanuka, au anatoa sauti ya kuguna kila akitoa pumzi. Ukiona lolote kati ya hayo rudi hospitali siku hiyo hiyo usisubiri kesho. Homa ikirudi, rudi. Akikataa kunywa, akatapika kila kitu, akawa amelegea au usingizi wake si wa kawaida, midomo ikabadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu, hapo ni kukimbia, hata kama ni usiku wa manane.

Umeuliza ikitokea tena ufanye nini. Kwa mafuta ya taa, petroli, dizeli, maji ya kusafishia rangi, vyote hivi ni ndugu na kanuni ni moja: usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula, usimpe yai wala maji ya chumvi. Mtoe chupa, mfute mdomo na kitambaa, mkalishe wima au mpakate wima. Nguo zikiwa zimelowa mafuta zivue, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kwa sababu mafuta yakikaa kwenye ngozi yanaiunguza na mvuke wake anaendelea kuuvuta, na hakikisha hakuna moto karibu mkifanya hivyo. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele au mlaze ubavu uso ukielekea chini ili matapishi yatoke nje yasirudi kooni. Kisha nendeni hospitali hata kama anaonekana mzima, hata kama amekohoa mara moja tu akaacha. Dalili kwa kawaida zinajitokeza ndani ya saa sita, ndo maana hospitali wanapenda kumkalisha angalau saa hizo sita wakimpima pumzi na kiwango cha oksijeni, na asipoonesha chochote anarudi nyumbani. Kama hana fahamu na hapumui, hapo unampulizia na kumkandamiza kifua kama unajua namna, huku mwenzako anapiga simu ya dharura.

Beba na ile chupa. Chukua chombo alichonywea chenyewe na karatasi yake ya maandishi kama ipo, na kumbuka saa iliyotokea. Nasisitiza hili kwa sababu kuna dawa za kuua wadudu ambazo zimechanganywa ndani ya mafuta ya aina ya taa, ukinusa unasema mafuta ya taa kumbe ndani kuna sumu nyingine kabisa ambayo yenyewe inaingia kwenye damu na kuvuruga mishipa ya fahamu. Mtoto anatokwa mate mengi, anatoka jasho, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakuwa na majimaji, anaweza kukojoa na kuharisha bila kujizuia, misuli inacheza cheza. Huyu dawa yake ipo hospitali na anaihitaji haraka, daktari akijua mapema ni kitu gani hapotezi muda. Wewe unayemvua nguo vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi, sumu hiyo inapita kwenye ngozi.

Vitu vinavyounguza, kama asidi ya betri, dawa za kuzibua mabomba, magadi makali ya kusafishia, vina sababu nyingine ya kutotapisha: viliunguza koo wakati vinashuka, vikirudi vinaunguza mara ya pili. Na watu wana mazoea ya kutaka kuvituliza, kama ni asidi wampe magadi, kama ni magadi wampe ndimu au siki. Usifanye hivyo. Vikikutana vinatoa joto ndani ya koo lililokwisha ungua. Futa na suuza mdomo, osha uso na macho kwa maji mengi yanayotiririka kama yameruka huko, nenda hospitali. Na mdomo kuonekana mzima hakukuhakikishii koo ni zima, akidondosha mate na kukataa kumeza tayari hiyo ni taarifa tosha. Maziwa nadhani umaarufu wake ulitoka huku, kwenye vitu vinavyounguza, watu walikuwa wanawaza kupunguza ukali, baadaye yakageuka dawa ya kila sumu. Hata huku usiyatoe kwa kujiamulia, labda uwe umeongea na daktari au kituo cha sumu wakakuelekeza.

Kuna vitu viwili ambavyo mi naviogopa kuliko hata mafuta ya taa, kwa sababu mzazi anatulizwa na mtoto kuonekana mzima. Cha kwanza ni vidonge vya madini ya chuma, vile vya kuongeza damu ambavyo mama anapewa kliniki akiwa mjamzito. Vingi vina rangi nzuri na ganda tamu, vinafanana na pipi, na nyumba yenye mama mjamzito mara nyingi ina mtoto wa mwaka na kidogo anayetambaa chini ya kitanda. Kidonge kimoja kikiwa na miligramu 60 za chuma, mtoto wa kilo 10 akila vinne tayari amevuka kiwango kinachoanza kudhuru, ambacho ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, na akila 10 amefika kwenye kiwango kinachoweza kumuua. Anaanza kwa kutapika na kuharisha, pengine na damu, halafu anatulia. Kuanzia kama saa sita mpaka 24 anaweza kuonekana amepona kabisa, familia inashukuru, kumbe chuma kimeingia kwenye damu na kinashambulia ini na moyo, akirudi kuzidiwa anarudi vibaya. Parasetamoli nayo ikizidi ina ukimya wa namna hiyo hiyo, siku nzima ya kwanza mtoto anaweza asioneshe chochote huku ini linaharibika, wakati dawa ya kuizuia ipo na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa mapema, ndani ya saa nane za mwanzo. Kwa hiyo akila dawa za mkubwa hesabu vilivyobaki kwenye pakiti, nenda navyo, usisubiri dalili.

Cha pili ni zile betri bapa ndogo kama kitufe au sarafu, za rimoti, saa, mizani, vitu vya kuchezea vinavyolia. Betri hiyo ikikwama kwenye koo la chakula, mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na upande mmoja kunatengenezwa kemikali kali ya kuunguza, pale pale kwenye nyama. Ndani ya saa mbili tu inaweza kuunguza vibaya, na haihitaji kupasuka wala kuvuja, hata betri iliyokwisha nguvu ya kuendesha rimoti bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Kubwa zenye upana wa milimita 20 ndo mbaya zaidi kwa watoto wadogo kwa sababu zinakwama. Mtoto anatoa mate, anakataa kula, anakohoa, analia akimeza, au haoneshi kitu. Ukihisi tu kwamba amemeza, ni hospitali yenye eksirei, sasa hivi, usimtapishe na usimpe chakula. Ipo tofauti moja tu: mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na hazijapita saa 12, anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita, kwa sababu asali inaipaka ile betri na kupunguza kuungua mpaka atakapotolewa. Ni ya njiani, isiwe sababu ya kuchelewa kuondoka kutafuta asali. Chini ya mwaka mmoja asali hapana, ina hatari yake nyingine kwa watoto wachanga. Na msije mkaigeuza asali nayo kuwa dawa ya kila sumu kama maziwa.

Nchi nyingi zina kituo cha ushauri wa sumu chenye namba ya simu ya kupiga saa 24. Itafute leo, kabla hujaihitaji, iandike kwenye karatasi ubandike ukutani mahali ambapo hata dada wa kazi au bibi ataiona, kwa sababu siku ya tukio simu yako inaweza isiwe mkononi. Ila mtoto akiwa anapumua kwa shida, amezimia au ana degedege usianze na ushauri wa simu, anza na safari.

Nimalizie na ile chupa. Sikulaumu kwa kufua, mtoto wa miezi 17 anahitaji sekunde chache tu, na katika umri huo wa mwaka mmoja mpaka mitatu kila kitu kinaenda mdomoni, ndiyo njia yake ya kujifunza. Hawezi kusoma, harufu kali haimzuii kama inavyotuzuia sisi, lakini umbo la chupa ya maji analijua vizuri sana kwa sababu kila siku unampa maji humo. Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ni meupe kama maji. Kwa hiyo jambo moja ambalo ningeomba mlifanye leo kabla ya mengine yote ni kwamba chupa ya kinywaji isiwahi kubeba kitu kisichonywewa, hata kwa dakika tano, hata iandikwe, hata iwekwe juu. Mafuta, dawa ya mende, sabuni ya maji, vyote vibaki kwenye vyombo vilivyokuja navyo. Kisha viwe juu na viwe nyuma ya mlango unaofungwa, kwa sababu juu peke yake inamsaidia mtoto asiyejua kuburuta kiti, na mwanao atajua hivi karibuni.

Vifuniko vile vya kubonyeza na kuzungusha vinasaidia kweli. Marekani walipitisha sheria ya kulazimisha vifungashio vya aina hiyo mwaka 1970 na vifo vya watoto kutokana na dawa vikapungua. Lakini vimetengenezwa kumchelewesha mtoto, havimzuii moja kwa moja, akipewa muda atafungua. Halafu zingatia kwamba mara nyingi ajali hizi zinatokea wakati kitu kimetolewa kinatumika, umejaza jiko chupa bado iko sakafuni, umepiga dawa chumba simu ikalia. Ukikitoa, malizana nacho na kirudi ndani kabla hujashika kazi nyingine, na kama mtoto yuko macho, mtu mwingine amshike.

Kikohozi cha mwanao kikizidi wiki mbili tangu siku ya tukio mrudishe akasikilizwe kifua, hata kama hana homa. Kwa sasa asipewe dawa za kutuliza kikohozi, kile kikohozi kinamsaidia kusafisha pafu lake. Muulize daktari wake siku ya marudio kama anataka eksirei nyingine, mara nyingi mtoto anayepumua vizuri na kula vizuri haihitaji, na weupe kwenye picha huwa unachelewa kuondoka hata wakati mtoto mwenyewe ameshapona. Na ukienda hiyo siku, kama inawezekana nenda na mama mkwe, amsikie daktari mwenyewe na aulize maswali yake.